Boksi la Pampu Halitoshi: Kupata Mkondo wa Maji Unaofaa Tangi Lako la Samaki

Ukiamka alfajiri, ukawasha taa ya sebuleni na kukuta samaki wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji na matamvua yanafunguka na kufungika haraka haraka, usikimbilie dawa. Mara nyingi samaki hao hawaumwi, wanatafuta hewa. Na katika nyumba nyingi chanzo ni kile kile: pampu ilizimwa usiku kwa sababu ya kelele.

Anayeizima huwa na hoja yake. Taa imezimwa, samaki wametulia, umeme unalipiwa, basi na mashine nayo ipumzike. Lakini usiku ndio wakati tangi linaihitaji zaidi. Mimea iliyokuwa ikitoa oksijeni mchana chini ya mwanga, giza likiingia huanza kuitumia kama samaki wanavyoitumia. Bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula mchangani nao hawalali. Ndiyo maana oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Kama tatizo ni kelele, iondoe pampu ya hewa kwenye kabati la mbao linalovuma, uiweke juu ya kipande cha sponji au taulo lililokunjwa. Lakini isizimwe.

Upande wa pili yupo aliyeambiwa dukani kwamba pampu kubwa ndiyo dawa ya kila kitu. Amenunua ya kutosha bwawa la bustani, na sasa samaki wake wanashinda nyuma ya jiwe mapezi yamebana, mchanga umechimbika mpaka kioo cha chini kinaonekana, na chakula kinapeperushwa kabla hakijafikiwa. Huyu naye hajapata mkondo unaofaa. Kwa maoni yangu nguvu ya pampu ni jambo la pili. Kwanza jiulize maji yanapita wapi ndani ya tangi, na samaki uliyemleta nyumbani ametoka kwenye maji ya namna gani.

Uso wa maji

Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, na hewa ya kaboni hutokea hapo hapo. Maji yakilala, tabaka jembamba la juu hushiba oksijeni huku yaliyo chini yakiendelea kuishiwa. Mkondo hupandisha ya chini na kushusha ya juu. Hata viputo vya pampu ya hewa huacha oksijeni kidogo tu vinapopita majini. Kazi yao kubwa ni kuyavuta maji ya chini kwenda juu na kuutikisa uso vinapopasuka. Kwa hiyo lile sanduku la hazina la plastiki linalofungua mfuniko kila baada ya muda na kutoa puto moja kubwa ni pambo la kufurahisha watoto, lisihesabiwe kama chanzo cha hewa.

Tazama tangi kwa chini, jicho likiwa usawa wa mchanga, uangalie juu. Uso wa maji unatakiwa kumetameta na kucheza muda wote, hata kwa viwimbi vidogo tu. Ukiona umetulia tuli, au una utando kama wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua, hapo hewa haipiti ipasavyo. Utando huo hutokana na mafuta ya chakula na mabaki yanayooza. Laza karatasi ya shashi juu ya maji kisha uinue taratibu, itatoka nao. Baada ya hapo inua mdomo wa pampu kidogo ili mkondo uusugue uso, maana utando hauwezi kujijenga juu ya maji yanayotikisika.

Joto huongeza uzito wa suala hili. Maji baridi ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi kama 7.6, na wakati huo huo samaki huhitaji hewa zaidi kwa sababu mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Januari na Februari katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, maji ya tangi yanafika nyuzi 30 bila kifaa chochote cha kupashia. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na vinahimiza kununua hita. Anayeishi Pwani pesa hiyo aitumie kununua pangaboi dogo la kupuliza juu ya uso wa maji. Mvukizo hupunguza joto na upepo huutikisa uso kwa mkupuo mmoja. Ila utalazimika kuongeza maji kila siku mbili tatu, kwa kuwa yatapungua.

Hesabu ya ndoo

Anza kwa kujua una maji kiasi gani. Pima kwa sentimita urefu wa tangi, upana wake na kimo cha maji (cha maji, usipime cha kioo), zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la urefu wa sentimita 80 na upana wa 35, lenye maji ya kimo cha 40, lina lita 112. Toa nafasi iliyochukuliwa na mchanga na mawe, tuseme lita 12. Umebaki na 100.

Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi wa samaki wa maji baridi ni kwamba maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara 4 hadi 6 kwa saa. Kwa tangi letu hiyo ni lita 400 hadi 600 kwa saa. Samaki wa miamba wa maziwa yetu makubwa, ambao hufugwa wengi pamoja na hula na kuchafua sana, hupewa mara 8 hadi 10. Matangi ya matumbawe ya bahari yako kwenye daraja lake: mara 20 na kuendelea, tena kwa pampu zinazopokezana ili mkondo ubadilike upande kama mawimbi yanavyofanya mwambani. Hayo yana gharama na masharti yake, na biashara ya matumbawe ya miamba inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa CITES. Anayeanza aanzie maji baridi.

Sasa boksi la pampu. Namba iliyoandikwa pale, kwa mfano lita 800 kwa saa, kwa kawaida imepimwa pampu ikisukuma maji bila kuyapandisha popote, bila sponji na bila mrija mrefu. Ukiifunga kwenye chujio, ukaipa mrija wenye kona mbili na kimo cha kupandisha, unaweza kubaki na nusu au zaidi kidogo. Pembeni ya namba hiyo kuna nyingine ambayo wanunuzi huipita: kimo cha juu kabisa. Ikiandikwa mita 1, maana yake ni kwamba kwenye kimo cha mita 1 pampu hiyo haitoi hata tone. Chujio likiwa kwenye kabati chini ya tangi na pampu imechaguliwa kwa kuangalia lita peke yake, kinachotoka juu ni mchirizi.

Ukweli utaupata kwa ndoo na saa ya simu. Chukua ndoo ya lita 10, ishike usawa wa pale maji yanapotokea kwa kawaida, elekeza mrija ndani, hesabu sekunde mpaka ijae. Zidisha lita kwa 3,600, gawanya kwa sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 72, pampu inatoa lita 500 kwa saa. Usiishushe ndoo sakafuni kwa kuogopa uzito, kwa sababu maji yanayoteremka hukimbia kuliko yanavyokimbia ndani ya tangi na utapata jibu la kukufurahisha tu. Kama pampu imezama na mdomo wake uko ndani ya maji, chukua mfuko mtupu wa mkate uliooshwa vizuri kwa maji matupu, ukunje utoe hewa yote, uvishe mdomo wa pampu ukiwa chini ya maji, hesabu sekunde 10, kisha ubane na kupima kilichoingia kwa jagi. Zidisha kwa 360.

Fanya kipimo hiki siku chujio likiwa safi, uandike namba nyuma ya tangi kwa kalamu ya wino mzito. Namba hiyo itakuwa na faida baadaye.

Maji yanakwenda wapi?

Tangi linaweza kuwa na lita za kutosha kwa saa na bado robo yake ikawa imekufa. Hutokea hasa pale mdomo wa kuingizia maji na wa kutolea imewekwa kona moja na pampu haina nguvu ya kufika ng'ambo. Maji yale yale machache yanazunguka hapo hapo, yanachujwa mara kumi, na upande wa pili hakuna anayeuhudumia.

Saga chembe chache za chakula kikavu katikati ya vidole, zitie maji ili zizame, kisha uziachie mbele ya mdomo wa pampu. Kaa chini utazame. Zile chembe zitakuchorea ramani: nyingine zitakimbia na uso hadi kioo cha mwisho, zitashuka nacho, zitarudi kwa chini kuelekea chujio. Huo ndio mzunguko unaoutaka. Nyingine zitaingia nyuma ya jiwe kubwa, zitazunguka mara mbili, kisha zitatua na kukaa. Hapo ndipo kinyesi na mabaki hukusanyika kila siku. Mchanga mnene wa sehemu kama hiyo hukosa hewa, ukawa mweusi, na ukiuchokoa hutoa viputo vyenye harufu ya yai viza.

Kabla ya kununua pampu ya pili, sogeza jiwe. Liweke mbali na kioo cha nyuma kwa upana wa vidole vitatu ili maji yapite. Kisha geuza mdomo wa pampu utazame urefu wa tangi, juu karibu na uso, ukiwa umeinuliwa kidogo. Mpangilio huo humaliza kazi kwenye matangi mengi ya sebuleni. Kama tangi ni refu sana, zaidi ya mita moja na nusu hivi, pampu mbili ndogo zilizowekwa ncha mbili huwa bora kuliko moja kubwa, na mojawapo ikiharibika samaki hawakosi hewa yote.

Mkondo ukiwa mkali mahali pamoja, uutawanye. Chukua kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, kizibe upande mmoja kwa mfuniko wake, toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto au kwa drili, umbali wa sentimita 3 kati ya tundu na tundu, ukiunganishe na mrija wa pampu. Maji yatatoka kama mvua, kwa upole, kwenye upana wote wa tangi. Uangalifu ni mmoja: jumla ya eneo la matundu yote isiwe ndogo kuliko eneo la tundu la mrija, la sivyo umeziba pampu. Kama umetumia gundi ya mabomba, iache ikauke kabisa na uoshe bomba kabla halijaingia kwenye tangi.

Samaki na kwao

Nothobranchius guentheri wa Unguja ni samaki mdogo mwenye rangi kali anayeishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki matopeni yakisubiri masika. Kwenye maji hayo hakuna mkondo wa kuutaja. Samaki huyu, ukimpata kutoka kwa mfugaji, anataka chujio la sponji linaloendeshwa na hewa, viputo vikiwa vimepunguzwa kwa koki. Samaki mpiganaji wa Thailand, anayeuzwa kila duka kwa ajili ya mapezi yake marefu, naye ni wa mabwawa na mashamba ya mpunga. Ana kiungo cha pekee kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na dume hujenga kiota cha mapovu usoni. Mkondo mkali humvunjia kiota na kumtupa kama kitambaa. Uwezo wake wa kuvuta hewa umewafanya wauzaji wamweke kwenye vikombe, na wanunuzi wakadhani kikombe kinamfaa. Hakimfai, kwa kuwa uchafu wake mwenyewe humuua taratibu hata kama hewa anayo.

Kwa upande mwingine kabisa yuko Eretmodus cyanostictus wa Ziwa Tanganyika. Huyu anaishi ukingoni, kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi, maji ya kina kifupi ambako hewa na maji havitengani. Kibofu chake cha kuelea kimepungua, kwa hiyo haelei kama wengine. Hutua juu ya jiwe, hurukia la pili, hujibanza pale wimbi linapopita. Ukimtia kwenye tangi lililotulia la nyuzi 30 ataanza kuhema kabla ya samaki wengine wote. Maporomoko ya mto Kongo yana samaki wa tabia kama hiyo, Steatocranus, mwenye nundu kichwani, naye ameacha kuelea kwa sababu ya kasi ya maji. Wote wawili ni wa jamii moja na sato na perege tunaowala, familia ambayo Tanganyika na Nyasa zimeitawanya katika mamia ya maumbo, na ambayo kupitia wasafirishaji wa Kigoma na Bujumbura imefika kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.

Lakini usikimbilie kusema kila samaki wa Tanganyika anataka kasi. Wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kama Lamprologus ocellatus, ni wa mchanga wa chini zaidi, mbali na kishindo cha mawimbi. Mkondo unaolenga chini utawafukulia mchanga waliouchimba kwa juhudi na kuyazika makombe yao. Ziwa moja, mahitaji mawili. Tangi lao liwe na mwendo juu na utulivu chini.

Samaki wa dhahabu ndiye anayewasumbua watu wengi zaidi, na inafaa tukae naye kidogo. Wale wa mkia mara mbili na tumbo la mviringo wanaogelea kwa shida, mwili wao umebadilishwa na wafugaji wa China kwa karne nyingi kwa ajili ya macho ya mtazamaji. Mkondo wa nguvu huwachosha. Lakini hao hao hula sana na kunya sana, kuliko karibu samaki yeyote wa ukubwa wao, na bila chujio kubwa amonia hupanda mpaka matamvua yanaungua. Utafanyaje? Weka chujio kubwa lenye mdomo mpole: lita nyingi kwa saa zinazopita kwenye lile bomba la matundu, likielekezwa kioo cha nyuma ili kasi ivunjike pale kwanza. Mdomo wa kunyonya uvishe sponji ili pezi lisivutwe.

Samaki mwenyewe atakupa majibu ndani ya siku mbili. Akiogelea bila kupumzika akiwa amesimama pale pale, akijificha muda wote pembeni, au akibana mapezi, punguza. Akihema juu, au akisimama mbele ya mdomo wa pampu bila kuondoka wakati tabia yake si hiyo, ongeza. Mimea nayo husema: majani yanatakiwa kuyumba. Yaliyolala upande mmoja na kuchanika yanapigwa, na yaliyovaa vumbi la kahawia hayafikiwi.

Mkondo unapopungua

Pampu haifi siku moja. Hupungua kidogo kidogo na macho huzoea, ndipo ile namba uliyoandika nyuma ya tangi inapokuwa na kazi. Pima tena kila mwezi, na ikishuka kwa theluthi moja fungua chujio.

Mara nyingi ni sponji. Ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, mpaka uchafu mzito utoke, uirudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Usiioshe bombani. Klorini ya maji ya bomba huua bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, na bila wao chujio ni kapu la kubebea takataka. Baada ya sponji, toa kijipangaboi kilicho ndani ya pampu, kinachozungushwa kwa sumaku. Utakuta nywele, ute, au kipande cha jani kimejisokota. Wanaotumia maji ya kisima yenye chokaa nyingi wataona magamba meupe, na hayo huyeyuka ukikiloweka kwenye siki usiku kucha na kukisuuza vizuri asubuhi. Jiwe la hewa, lile la kutolea viputo mwishoni mwa mrija, likiziba ni bei ya soda, libadilishe tu.

Umeme ukikatika

Mambo mawili ya usalama yafanyike kabla. Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mrija wake uwekewe kile kidude kidogo cha kupitisha hewa upande mmoja, kwa sababu pampu ikizimika maji huweza kurudi kupitia mrija, yakaingia kwenye pampu na kumwagika karibu na soketi. Nyaya zote ziteremke chini ya soketi kwanza kisha zipande, ili tone la maji linalofuata waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Na ukitaka kutia mkono ndani ya maji, chomoa kila kitu.

Umeme ukienda, usiwape chakula. Samaki mwenye njaa hutumia hewa kidogo na hachafui. Funua tangi. Kama limejaa samaki na giza linaingia, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka kimo cha mkono mmoja, mara kadhaa, kila baada ya nusu saa. Inachosha lakini inafanya kazi. Chujio la nje lililofungwa ni la kuogopwa: bakteria wake huendelea kutumia hewa iliyomo, ikaisha, wakaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiliwashe hivi hivi. Lifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe, vinginevyo uchafu ule wote utamwagika juu ya samaki waliokwishachoka.

Njia rahisi kuliko zote ni pampu ndogo ya hewa ya betri au ile inayochajiwa kwa waya wa simu, ambayo unaweza kuichomeka kwenye pawabenki. Ni pesa ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya pampu ya kati na ile kubwa uliyokuwa ukifikiria kuinunua. Ukiwa nayo tayari, ichaji leo, iweke majini dakika chache uone kama bado inatoa viputo, kisha iweke mahali ambapo hata gizani utaipata.